Mpini wa Hikori na Kiwanja cha Musselburgh

Mwenye kutaka kujua habari za watu na atazame vyombo wanavyovishika mkononi. Jembe lenye mpini mbaya humchosha mkulima kabla jua halijapanda, na shoka lenye mpini uliopinda humsumbua mwenye kulishika kuliko mti anaoukata. Kila mpini una mti wake, kila mti una fundi aujuaye, na kila fundi ana maneno yake. Chombo kikiachwa, fundi hukosa kazi. Naye akifa bila mwanafunzi, maneno yake huzikwa pamoja naye.

Katika makala haya twataka kusimulia habari za mpini mmoja uliotawala mchezo wa gofu kwa muda wa miaka mia moja hivi, nao ni mpini wa mti uitwao hikori. Pamoja na habari za kiwanja kidogo kilicho pwani ya Uskoti, ambako mpini huo ulipata sifa, ukaachwa, kisha ukarudi. Huenda msomaji akauliza, Mchezo huo watuhusu nini sisi tunaofundisha na kuchunga? Jibu ni hili, kwamba ndani ya habari zake yamo mambo ya lugha, na ya kazi ya mikono, na ya desturi za watu wasiotajwa sana katika vitabu.

Musselburgh ni mji wa wavuvi wa zamani, yapata maili 6 mashariki ya Edinburgh, mahali mto Esk unapomwagika katika hori kubwa ya Forth. Kando ya bahari pana ardhi ya mchanga, iliyofunikwa na majani mafupi na kupigwa na upepo mwaka mzima. Ardhi ya namna hii haifai kulimwa, maana mchanga haushiki maji. Kwa hiyo tangu kale iliachwa iwe malisho na mahali pa watu wote. Waskoti huiita linksi, neno la asili ya zamani lenye maana ya mwinuko au ukingo wa nchi. Hapo ndipo gofu ilipokulia, katika ardhi isiyotamaniwa na mkulima.

Mchezo wenyewe ni wa siku nyingi. Mwaka 1457 Bunge la Uskoti liliupiga marufuku pamoja na mpira wa miguu, kwa kuwa vijana waliacha kujizoeza kutumia upinde na mishale. Marufuku hayo hayakufaulu. Katika daftari ya fedha ya Sir John Foulis mna habari za mwaka 1672, alipoandika hasara aliyoipata kwa kucheza gofu katika uwanja wa Musselburgh. Tangu hapo ushahidi wa maandishi wapatikana kwamba watu walicheza mahali pale.

Lakini ushahidi ulio mzuri kuliko wote tumeupata kwa mchungaji. Alexander Carlyle alikuwa mchungaji wa mtaa wa Inveresk, ambao mji wa Musselburgh umo ndani yake, tangu mwaka 1748 hata alipofariki mwaka 1805. Zilipokuwa zikikusanywa habari za mitaa yote ya Uskoti, katika miaka ya 1790, wachungaji ndio walioombwa kuandika, kila mmoja habari za mtaa wake. Naye Carlyle akaandika za kwake. Hakuhesabu roho na nyumba tu. Aliwatazama pia wanawake wa wavuvi, waliochukua matenga ya samaki mgongoni mpaka Edinburgh kuuza, akaandika kwamba kwa kuwa walifanya kazi za wanaume, hata michezo yao ilikuwa ya kiume, na siku za sikukuu walikuwa wakicheza gofu. Bila kalamu ya mchungaji huyo tungejua habari za mabwana peke yao.

Carlyle mwenyewe alikuwa mchezaji hodari. Mwaka 1758 alialikwa pamoja na rafiki zake katika nyumba ya David Garrick, mwigizaji mashuhuri, iliyokuwa karibu na mto Thames. Wenyeji hawakuujua mchezo huo. Katika bustani palikuwa na njia yenye tao iliyopita chini ya ardhi kuelekea mtoni. Carlyle akaweka mpira, akaupiga ukapita katika tao lile, ukashuka mpaka mtoni. Garrick alistaajabu sana, akamwomba ampe ile fimbo iliyofanya kazi hiyo.

Hata wale wanawake wa matenga hawakusahauliwa baada ya kufa mchungaji wao. Mwezi wa Desemba mwaka 1810 wachezaji wa chama cha Musselburgh waliandika katika daftari yao kwamba watatoa tuzo kwa mwanamke atakayeshinda katika mchezo wa mwaka mpya wa 1811. Nayo ilikuwa tenga jipya na kikapu, na juu yake vitambaa viwili vya hariri ya Barcelona. Wanahistoria wengi huyahesabu hayo kuwa mashindano ya kwanza ya gofu ya wanawake yaliyoandikwa. Nasi twaitazama tuzo yenyewe: hawakupewa kikombe cha fedha cha kuwekwa kabatini, bali chombo cha kazi yao ya kesho yake, na pambo la kujifunga.

Sasa na tuangalie fimbo zenyewe. Fimbo ya gofu ina sehemu tatu: kichwa kipigacho mpira, mpini, na mahali pa kushika, palipofungwa ngozi. Zamani mipini ilichongwa kwa miti ya nchi yenyewe, kama mti uitwao eshi. Baadaye, katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, merikebu zilianza kuleta Uskoti mbao za hikori kutoka Amerika ya Kaskazini. Hikori ni mti wa jamaa ya jozi. Wamarekani waliutumia kwa mipini ya mashoka na kwa miti ya ndani ya magurudumu. Nyuzi zake ni ndefu na zimenyoka. Ni mgumu, lakini hupinda na kurudi, wala hauvunjiki upesi. Mafundi wa gofu walipoujaribu waliona kwamba wamepata walichokuwa wakikitafuta, na miti mingine ikaachwa karibu yote.

Kazi ya fundi ilikuwa hivi. Kwanza mbao ziliachwa zikauke kwa muda mrefu, maana mti mbichi hupinda. Kisha alichagua ubao ambao nyuzi zake zinakwenda sawasawa toka juu hata chini, akauchonga kwa randa, akaukwangua kwa kipande cha kioo, akausugua kwa msasa, akaupaka mafuta ya mbegu za kitani. Ikiwa kichwa ni cha mti, alivikata vyote viwili kwa mshazari, akaviunga kwa gundi, akazungusha uzi uliotiwa lami. Ikiwa kichwa ni cha chuma, kazi ya kukifua ilikuwa ya mhunzi. Mpini ulitiwa katika shingo ya chuma, ukapigiliwa msumari wa kuuzuia. Kila hatua ilikuwa na neno lake, na mwanafunzi alijifunza neno na kazi kwa pamoja.

Mpini wa hikori una tabia mbili. Hupinda, kama utakavyo mpini wo wote mwema. Na tena hujisokota. Mchezaji akiurusha kwa nguvu za ghafula, kichwa cha fimbo huchelewa nyuma, na uso wake hugeuka, nao mpira huenda kando. Kwa hiyo anayecheza kwa hikori hapigi kwa hasira. Huinua fimbo polepole, huungoja mpini ujikunjue, hupiga kwa mwendo wa taratibu kama mtu asukumaye pembea. Tena katika kiwanja cha pwani, chenye upepo na ardhi ngumu, haupeleki mpira juu sana; huupiga uende chini chini, udunde, utambae kwa kufuata mabonde mpaka karibu na shimo. Wahenga wetu walisema, Mchagua jembe si mkulima. Mchezaji wa hikori angewajibu kwamba yeye alichagua mara moja tu, dukani, akiitikisa fimbo moja moja mpaka aione iliyo tayari kwa mkono wake. Na baada ya hapo alijifunza kuitii.

Mipira nayo ilibadilika. Wa kwanza ulikuwa wa ngozi iliyoshonwa na kushindiliwa manyoya. Ulikuwa ghali, na ukilowa maji uliharibika. Yapata mwaka 1848 ulikuja mpira wa gata-pacha, yaani utomvu wa miti ya nchi za Malaya, ambao uliweza kuyeyushwa na kufinyangwa tena. Ulikuwa rahisi wa bei, na mchezo ukaenea kwa watu wa hali zote. Basi fimbo ya fundi wa Musselburgh ilikuwa na mpini wa Amerika, ikipiga utomvu wa Asia juu ya mchanga wa Uskoti. Ye yote adhaniaye kwamba mila ya mahali ni kitu kisichoguswa na nchi nyingine na aukumbuke mfano huo.

Siku za utukufu wa Musselburgh zilifika katika nusu ya pili ya karne hiyo. Mashindano makuu ya Uingereza, yaliyoanza mwaka 1860 huko Prestwick, yalichezwa Musselburgh mara 6: mwaka 1874, 1877, 1880, 1883, 1886 na 1889. Kiwanja kilikuwa na mashimo 9 tu, wachezaji wakayazunguka mara nne. Jamaa ya Park, waliokuwa wachezaji na mafundi wa fimbo katika mji ule, walijipatia jina kubwa. Willie Park alishinda mashindano ya kwanza kabisa, akashinda tena mara tatu. Ndugu yake Mungo alishinda nyumbani mwaka 1874. Na mwanawe, aliyeitwa Willie kama baba yake, alishinda mwaka 1887 na mwaka 1889.

Lakini habari inayogusa moyo zaidi ni ya Bob Ferguson. Alikuwa mtoto wa mji ule, aliyeanza kwa kuwachukulia mabwana fimbo zao. Alishinda mashindano makuu miaka mitatu mfululizo, 1880, 1881 na 1882. Mwaka 1883 mashindano yalirudi kwao Musselburgh, naye akamaliza sawa na Willie Fernie. Walipocheza tena ili kuamua, Ferguson alikuwa mbele kwa pigo moja walipofika shimo la mwisho. Fernie akalimaliza kwa mapigo mawili tu, akashinda kwa pigo moja. Baada ya hayo Ferguson alishikwa na homa ya matumbo, na nguvu zake hazikurudi kama zamani. Akarudi katika kiwanja kile kile, kuwachukulia watu fimbo na kutunza majani, akakaa katika kazi hiyo bila kuona haya. Watu wengi humtaja kwa ushindi wake; sisi twaona kwamba miaka ile ya baadaye nayo yastahili kusimuliwa.

Kiwanja kilipatwa na mambo yaliyofanana na hayo. Mwaka 1891 chama cha mabwana wa Edinburgh, waliocheza Musselburgh tangu mwaka 1836, walichoka na msongamano wa watu katika ardhi iliyo ya wote, wakajitengenezea kiwanja chao wenyewe huko Muirfield. Mashindano makuu ya mwaka 1892 yakawafuata huko, wala hayakurudi Musselburgh tena. Vyama vingine vikahama vile vile. Yakabaki mashimo 9, yamezungukwa na njia ya mashindano ya farasi, na watu wa mji wakiendelea kucheza kama walivyozoea.

Walakini mji ule uliacha alama katika kila kiwanja cha ulimwengu. Tangu mwaka 1829 wenyeji walikuwa na chombo cha chuma cha kukatia mashimo, upana wake inchi 4 na robo. Mwaka 1891, ndio mwaka ule ule wakubwa walipouacha, kipimo hicho kilifanywa sheria na chama cha St Andrews, nayo ingali sheria hata leo. Kiwanja cha Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1911, nacho kina mashimo 9 mbele ya bahari. Na mashimo yake ni ya kipimo cha wavuvi wa Musselburgh. Waliokicheza hapo mwanzo walishika mipini ya mti, maana ya chuma ilikuwa haijaruhusiwa.

Twafikia sasa neno la lugha. Kila fimbo ya zamani ilikuwa na jina lake, wala si nambari. Tukiyaandika kwa matamshi yetu, palikuwa na kliki, na spuni, na brasi, na bafi, na mashi, na nibliki. Mengine maana yake yaonekana wazi. Kliki kwa Kiskoti ni kulabu. Spuni ni kijiko, kwa kuwa uso wa fimbo hiyo ulibonyea kidogo kama upawa. Brasi ni shaba, kwa ajili ya bamba la shaba lililopigiliwa chini yake ili mti usichubuliwe na mawe. Bafi latokana na neno la Kiskoti lenye maana ya kishindo cha pigo. Ndani ya mfuko wa mchezaji mlikuwa na umbo, na kitu chenyewe kilichotengenezwa, na sauti yake. Wala fimbo hazikuwa nyingi: Chick Evans alishinda mashindano makuu ya Marekani mwaka 1916 akiwa na fimbo 7 tu.

Ndipo ukaja mpini wa chuma cha pua. Hikori iliyo njema ilikuwa imeanza kuadimika, kwa kuwa wachezaji walikuwa wengi na mti huo haukui upesi. Marekani waliuruhusu mpini wa chuma mwaka 1924, na chama cha St Andrews mwaka 1929. Mwaka 1930 Bobby Jones alishinda mashindano manne makuu ya Uingereza na Marekani akitumia hikori. Mwaka 1931 Billy Burke alishinda yale ya Marekani kwa mpini wa chuma, na hikori ikawa imekwisha zamu yake. Viwanda viliweza sasa kufanya fimbo nyingi zilizolingana kabisa, zikitofautiana kwa kipimo tu. Na vitu vilivyolingana havihitaji majina. Mashi ikawa nambari 5, nibliki ikawa nambari 9. Fimbo ziliongezeka mfukoni hata ikawa lazima kuweka mpaka: fimbo 14, Marekani mwaka 1938, na Uingereza mwaka uliofuata.

Haifai kumlaumu aliyeleta chuma. Mpini wake haupindi kwa unyevu wala hauliwi na wadudu. Mtu akivunja mmoja hupata wa pili ulio sawa nao. Na misitu ilipumzika. Mwenye kulima kwa mkono usiku na mchana hawezi kuambiwa akatae plau kwa kupenda maneno ya jembe. Lakini faida ikipatikana, ni haki kuandika na gharama yake. Gharama ya mpini wa chuma ilikuwa karakana ndogo zilizofungwa, na mkono wa taratibu uliosahauliwa, na majina yaliyobaki katika vitabu vya zamani kama mifupa ya samaki.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Wako watu, Ulaya na Amerika, waliozitoa fimbo za hikori darini, wakazipaka mafuta, wakaanza kucheza nazo tena. Na mafundi wengine wamejifunza kutengeneza mpya kwa mfano wa zile za kale. Mwaka 2005 yalianzishwa mashindano ya ulimwengu ya wachezaji wa hikori, na mahali palipochaguliwa ni mashimo yale yale 9 ya Musselburgh. Huko mgeni ameweza kukodi fimbo chache za mti, akaenda nazo kando ya bahari kama walivyokwenda akina Park na Ferguson. Kiwanja ambacho wakubwa walikiona kuwa kidogo kimekuwa ndicho kinachofaa, maana fimbo za hikori hazipeleki mpira mbali sana, na mashimo yake yalipimwa kwa nguvu zake.

Na pamoja na mpini yamerudi maneno. Mchezaji wa namna hii hawezi kuomba nambari 5, kwa kuwa haimo mfukoni, huomba mashi. Hakuna aliyefundisha maneno hayo kwa kuyaandika ubaoni na kuwaamuru watu wayakariri. Yalirudi kwa sababu kitu kilirudi mkononi, na mkono ukahitaji jina la kukiita.

Hilo ndilo twataka walimu walichukue. Katika pwani yetu mzee wa jahazi hujua foromali, na demani, na joshi. Kijana wa mashua ya injini hana haja nayo, naye hatendi kosa. Lakini yale maneno yakiandikwa bila mtu kuonyeshwa kitu chenyewe, yatakuwa orodha tu. Afadhali mwalimu awachukue wanafunzi wake mpaka pwani wangali wazee wapo, washike kamba kwa mikono yao, waulize jina lake, kisha waandike. Carlyle alifanya hivyo katika mtaa wake: aliwatazama wanawake wenye matenga, akaandika aliyoyaona. Zaidi ya miaka mia mbili imepita, na kwa ajili yake twajua kwamba nao walicheza.